Nilimpa Babu Yangu Kifo cha Mtu Mwengine

Kosa ni langu na sina wa kumsukumizia. Sikulazimishwa, sikutishwa, wala sikuwa mtoto. Mimi ni mwanamke mzima, mwalimu wa Kiingereza hapa Nizwa, nimesomesha mabinti wa watu mpaka nao wakaniletea mabinti zao. Na kwa ulimi huu huu wa kusomeshea nimewadhulumu watu ambao hata sura zao sizijui.

Jina langu silitaji. Anayetaka kunilaani na alaani, hatakuwa wa mwanzo. Nataka tu nilitoe hili jambo kifuani, maana nikizidi kulimeza litanipasua!

Nianze na mama, ndio mtanielewa.

Mama yangu amepita miaka themanini. Alizaliwa Unguja, shamba, upande wa kaskazini, ambako babu yangu alikuwa na kijiduka na akipika halua. Yalipotokea mapinduzi mama alikuwa mjini, bi arusi wa juzi juzi. Waliotoroka kutoka shamba walimwambia mzee kachukuliwa. Nani kamchukua, kampeleka wapi, kauliwa vipi, kafukiwa wapi, hakuna aliyejua, au aliyejua hakusema.

Mama akahama, akaja Oman, akazaa, akajenga, akazika mume. Lakini tanga la baba yake halijaanuliwa. Akisikia mtu katoka Unguja, hata kama kaja Maskati kutibiwa macho, atamtafuta mpaka ampate amuulize. Wengine walikuwa wakimwona anakuja wanajifanya wamelala.

Mimi nimekulia ndani ya swali hilo. Ndiyo maana sina udhuru. Mtu mwengine angesema hakujua maana ya kumngoja maiti asiyekuja. Mimi nilijua!

Sasa kaka yangu. Alinizidi miaka michache tu. Vita vya Bosnia vilipokuwa vikioneshwa kila siku kwenye televisheni, yeye alikuwa kijana, hajaoa. Waislamu wa kule walikuwa wanauawa, na sisi tulikuwa tunalia sebuleni. Mama alikuwa akisema, hivyo hivyo ndivyo tulivyofanywa sisi. Kaka alipoaga kwamba anafuatana na watu wa misaada, kupeleka unga na mablangeti, mama alimpa radhi na kumsomea dua mlangoni.

Alikaa muda mrefu. Aliporudi tulijua kwamba hakuwa akibeba unga tu, lakini hatukumuuliza. Watu walimwita mujahid, vijana wakimbusu kichwa, na yeye akiwasukuma kwa mkono kama anafukuza nzi. Sisi tukisema ni unyenyekevu. Loo, tulivyokuwa wepesi wa kusema!

Alioa mji wa Ibra, jimbo la Sharqiyah, mwanamke wa ukoo wa huko huko, Mwarabu asiyejua Kiswahili hata neno. Watoto wao Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Kwa hiyo kaka alipokuwa anataka kusema jambo bila ya nyumba yake kulifahamu, alinipigia simu mimi.

Na kulikuwa na kitu kimoja juu yake ambacho wakweze walikifanyia mzaha. Kule Sharqiyah, joto likipamba moto na tende za mabsili zikiwa za manjano, watu huzichemsha. Huwekwa masufuria makubwa ya shaba juu ya moto wa makuti, nje mashambani, na harufu yake tamu inaingia kila nyumba. Wenyewe huita tabsil, na kwao ni sherehe. Kaka hakuwahi hata mwaka mmoja kukaa tabsil. Zikianza kuchemshwa tu, yeye ana kazi Maskati, au ana safari ya Sur, au anakuja kwangu Nizwa. Wakimcheka wakisema Mzanzibari huyu moto wetu haumuwezi.

Kiangazi kilichopita hakuweza kwenda popote. Ini lilikuwa limekwisha. Hospitali walimrudisha nyumbani akae na watu wake, na mimi nilikuwa nikishika njia ya Sinaw kila nikipata siku, namfuata Ibra kumwangalia.

Siku hiyo ilikuwa baada ya alasiri. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu alikuwa hataki kiyoyozi, kinamtia baridi ya mifupa. Harufu ya tende ikaingia. Nilimwona anakunja uso, anatafuta pa kuuficha, kisha akaanza kusema, kwa Kiswahili, macho yakiwa kwenye dari. Wifi yangu alikuwa kakaa miguuni mwa kitanda anamkanda nyayo.

Aliniambia kwamba wale Waislamu na Wakroeshia, ambao mwanzo walikuwa upande mmoja, ilifika wakati wakageukiana. Kundi lake liliingia kijiji cha Wakroeshia mlimani, asubuhi. Waliobaki wengi walikuwa wazee. Katika uwanja wa nyumba moja palikuwa na mzee anakoroga sufuria kubwa la matunda kama zambarau, yanayopikwa mchana kutwa mpaka yawe mazito, kwa mwiko mrefu wa mti, vile vile kama halua yetu. Wakamwamuru aje. Mzee akaonesha moto kwa kidole. Alikuwa anaomba aepue sufuria kwanza, lisije likaungua.

"Wenzangu wakacheka," kaka alisema. "Mie nkamwacha aepue. Akaepua, akafunika na sahani. Halafu nkampiga risasi."

Nilidhani ni homa.

"Na wale waliotiwa zizini pia," akasema. "Wale walikuwa wanajeshi, lakini walishaweka silaha chini. Nliwapa maji mie mwenyewe. Mchana tukaambiwa tuwatoe. Walikuwa wamefungwa mikono nyuma."

Akaniambia kwamba ghorofani kwenye nyumba ile ya mzee palikuwa na mwanamke anapiga kelele jina moja tu, na hakujua kama ni jina la mtu au ni neno. Na akaniambia mahali walipozitia maiti zote, za wanakijiji na za wafungwa. Ni tanuri la chokaa la zamani, nje ya kijiji. Alinielekeza kama mtu anayemwelekeza dereva, daraja, kisha kinu cha maji, kisha miti ya jozi, kisha unageukia upande fulani.

Wifi yangu aliacha kumkanda. Alikuwa anaona machozi yanamtoka mumewe, kitu ambacho katika ndoa yao yote hakukiona. Akaniuliza, "Mo yigul, ukhti?" Anasema nini, dada yangu?

Wenzangu, hapo ndipo nilipoangukia.

Nikamjibu kwa Kiarabu, bila ya kumeza mate. Nikamwambia anazungumza habari za babu yetu. Kaka alipokwenda Unguja, safari yake moja ya peke yake, mzee mmoja alimhadithia babu alivyouliwa. Alikuwa anapika halua, wakaja kumtoa, akaomba aepue sufuria kwanza, kisha wakamtia katika tanuri la chokaa. Mnajua ilivyonitoka? Laini, kama mtu anayesoma!

Wifi yangu akaweka shungi machoni akalia. Akasema masikini, kumbe alikuwa na mzigo huu.

Niliona nimefanya vizuri. Sisi tumelelewa kwamba aibu ya Muislamu mwenzio unaisitiri, ili nawe usitiriwe. Anayeosha maiti hasemi alichokiona. Na huyu alikuwa kaka yangu, na yule ni mkewe, na mwanawe mkubwa alikuwa anataka kuposa. Nikasema moyoni, nimefunika. Sikujiuliza nimefunika kwa nguo ya nani.

Tatizo ni kwamba kaka Kiarabu alikijua kuliko mimi. Alinisikia neno kwa neno. Aligeuza uso ukutani, na wifi alipotoka kwenda kuleta kahawa ndipo aliponigeukia.

"Hawa wafiche," aliniambia. "Sina uso wa kuwatazama. Lakini wale wenye watu wao, wafikishie."

"Wepi, kaka?"

"Wapo watu kazi yao kutafuta waliopotea. Wana ofisi, wana simu. Weye Kiingereza unakijua. Waambie tu pale walipo."

"Inshallah."

"Usinipe inshallah ya kuniondosha."

"Ntawaambia."

"Na babu usimtie humu. Babu ana yake."

Nikamwahidi. Siku zilizofuata, kila nikienda, alinitaka nimrudishie ile njia aliyonielekeza, na nilimrudishia sawasawa, jina la kijiji, daraja, kinu, miti, upande. Akitikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika. Simu yangu ilikuwa mkobani na sikurekodi. Nilijiambia, mimi nirekodi ushahidi wa kumchafua kaka yangu? Nilijiona nina akili sana!

Akafa. Akazikwa Ibra kabla ya adhuhuri, na watu walijaa mpaka barabarani. Wanaume walirudi kutoka makaburini wakisema hawajaona jeneza jepesi kama lile.

Mama nilikuwa nimemleta kutoka Nizwa. Alikaa katika chumba cha wanawake, kwenye zulia, mkono umeshika tasbihi lakini haizunguki. Mwana mkubwa wa kaka, nitamwita Hilal na si jina lake, aliingia kumbusu bibi yake kichwa. Kijana mwema, ana moyo. Alitaka kumpoza bibi kwa kitu, na kitu alichokuwa nacho ni kile ambacho mama yake alimwambia. Akapiga magoti mbele ya wanawake wote akamwambia kwa Kiarabu kwamba baba siku za mwisho alikuwa na babu yake tu mdomoni. Akamhadithia yote, halua, sufuria, tanuri la chokaa.

Mama alinigeukia taratibu. "Ati kweli?" akaniuliza.

Hapo nilikuwa na njia bado. Ningeweza kusema, mama, tutazungumza nyumbani. Neno moja tu! Lakini wanawake wote walikuwa wananitazama, na wifi yangu katikati yao na macho yamevimba. Nikasema, "Kweli, mama."

"Aliomba aepue sufuria?"

"Ndiyo."

"Ndiye," alisema. "Ndiye baba khasa. Hata nyumba ingekuwa inaungua angeepua kwanza."

Akatabasamu. Katika matanga ya mwanawe, huku machozi yanatiririka, mama yangu alitabasamu, na tasbihi ikaanza kuzunguka.

Tulirudi Nizwa akawa mtu mwengine. Alikula. Alilala usiku kucha, yeye ambaye toka utoto wangu nimemjua anatembea ukumbini. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana alinitaka nimhadithie tena. Na alikuwa na maswali. Alikuwa na kofia? Nikasema alikuwa nayo. Alivaa nini? Nikamvisha kanzu na kikoi. Alisema neno? Nikamtia shahada mdomoni. Tanuri liko kushoto kwa kile kisima chetu, sio? Nikasema ndiyo mama, kushoto kwa kisima. Miti ya jozi nikaigeuza mifenesi, kinu nikakigeuza kisima, daraja nikalivunja kabisa kwa kuwa kijijini kwao hapana daraja.

Nikawa fundi. Kila siku naongeza kitu, na kila siku mama anaridhika zaidi.

Na ile simu? Sikuipiga. Kwanza nilisema arubaini ipite. Ilipopita nikasema Hilal aoe. Alipooa nikasema mkewe ana mimba, tusimtie mambo. Kila nikitaka kusitasita sababu ilikuwa tayari, imevaa na imejipaka udi.

Ndipo yule mzee alipoanza kunijia. Msinifanye mwendawazimu, sisemi jini wala mzuka. Nasema nikifumba macho, hata kwenye sala, namwona mzee wa kizungu, mashavu mekundu kwa moto, kichwani ana kofia ya babu yangu. Ile kofia niliyomvisha mimi! Anakoroga, ananitazama, anasema neno moja kwa lugha yake. Namwambia sifahamu. Analisema tena, kwa upole, kama mimi ninavyowarudilia wanafunzi wazito.

Jikoni kwangu nikawa siwezi kuacha sufuria motoni. Maji ya chai yakianza kutoa moshi tu naepua, hayajachemka. Tukawa tunakula vya kununua, na mama akinitania kwamba mwalimu mzima kashindwa na wali. Nacheka naye. Ndani nilikuwa nasikia mlio wa mwiko chini ya shaba, ukikwaruza, mchana, darasani, mbele ya mabinti wanaosoma kwa sauti.

Nikamwogopa na kaka. Sikuweza kumwombea dua nikaimaliza. Nilimwona yuko mlangoni mwa mahali fulani anangoja nimwambie nimeshafikisha.

Basi hayo yote ningeweza kuyavumilia, maana mtu huzoea hata jipu. Kilichonivunja ni safari.

Hilal alimpigia bibi yake simu kumwambia kwamba ameulizia huko Unguja, na kweli upande ule pana tanuri la chokaa la zamani. Mashamba yale matanuri hayakosi! Akasema atampeleka, wamsomee babu, na waweke jiwe. Jiwe lenyewe keshalichongesha, jina la babu na la baba yake, kwa khati nzuri. Mama akaanza kujizoeza kutembea uwanjani, anashika ukuta, anazunguka mtende, anarudi. Tiketi zikakatwa za baada ya Idi.

Nikamwona mama yangu amepiga magoti kwenye shimo la chokaa lisilo na mtu wake, anamsalimia baba yake. Na upande mwengine wa dunia nikamwona mwanamke kama yeye, ambaye shimo lake lina mtu na hajui.

Nikamwambia mama. Tulikuwa sebuleni, kahawa baina yetu. Nilimwambia yote kuanzia dirisha lile la Ibra mpaka ile kofia. Nilimwambia kaka alifanya nini, na mimi nilifanya nini. Nilitazamia anipige, au aanguke. Aliweka kikombe chini.

Kisha akaniuliza, "Huyo wa sufuria alikuwa nasara?"

"Ndiyo, mama, Mkristo."

"Na yule aliyekuwa akipiga kelele juu?"

"Sijui. Kaka hakujua."

"Binti yake," mama alisema. "Binti yake yule."

Nikamshika miguu nikaomba radhi. Hakuniondoa, wala hakunishika. Alikuwa anatazama mlango.

"Wapelekee baba yao," aliniambia. "Mie nshazoea."

Nimesikia maneno mengi makali maishani mwangu. Hayo mawili ya mwisho, aliyoyasema bila ya hasira, ndiyo yaliyonimaliza. Usiku ule alianza tena kutembea ukumbini, na mpaka leo anatembea.

Nilimpigia simu Hilal kumweleza, kwa sababu sasa nilikuwa najifanya mkweli. Alinisikiliza mpaka mwisho akakata. Tangu siku hiyo nyumba ya Ibra haijanifungulia mlango. Nilikwenda nikasimama getini, wifi yangu akatoka mwenyewe, akaniambia kwa Kiarabu kwamba nimemvua mumewe nguo kaburini, nataka nini tena. Nilitaka kuingia kile chumba nikae pale nilipokaa, labda ningekumbuka. Hakuniruhusu, na sikumlaumu.

Maana hilo ndilo ambalo sijawaambia bado.

Nilipopata nambari ya wale watu wanaotafuta waliopotea, niliipiga siku ile ile. Akapokea mwanamke, sauti ya upole, Kiingereza chake kama changu, cha kusomea. Nikamwambia nina habari kutoka kwa mtu aliyekuwapo, na keshakufa. Nikasikia anavuta kiti. Akaniuliza jina la kijiji.

Nikafungua mdomo, likanijia jina la kijiji cha mama.

Nikamwambia subiri. Nikatafuta. Lile jina nililolirudia mbele ya kaka mpaka akaridhika, halipo! Nikasema kuna kisima. Akauliza, kisima? Nikasema hapana, kinu. Akauliza ukitoka kinuni unakwenda wapi. Nikaona mifenesi. Nikajitahidi kuing'oa, nikaona mifenesi tu. Akauliza, kwa upole ule ule, lile tanuri liko kulia au kushoto.

Kushoto, nikasema. Halafu nikakumbuka kushoto ni kwa mama. Kushoto nilikukubali mimi, mezani, ili mama ale. Alichoniambia kaka kilikuwa nini?

Sijui. Wallahi sijui! Nimeusimulia uongo kwa bidii hiyo mpaka ukaukalia ukweli pahala pake, na sasa nikiuita ukweli, uongo ndio unaoitika.

Nilimwambia yule mwanamke nimesahau. Sikusikia akikasirika. Aliniambia milima ile ina vijiji vingi, na matanuri ya namna hiyo ni mengi pia. Akasema nisiharakishe. Nikikumbuka lolote, hata dogo, nipige wakati wowote, wao wameshazoea kungoja.

Basi nyinyi mnaokaa na wagonjwa, nisikilizeni. Mtu anayeondoka akikupa neno la watu wengine, lipeleke siku ile ile, kama lilivyo, kabla hujalipamba. Usiseme unamsitiri. Sitara ni kwa aibu ya mtu, si kwa mifupa ya watu. Na wewe ambaye ndugu zako waliuawa, usidhani hilo linakupa haki juu ya maiti za wenzio. Mimi nilidhani uchungu wetu ni mkubwa, unaweza kumfunika yeyote.

Nimempigia yule mwanamke mara nyingine tena. Kila mara ananiuliza swali lile lile, kulia au kushoto, kisha ananyamaza kunipa nafasi, nami nashika simu, nasikia pumzi zake, na sina la kumwambia.